Kaunta kuhesabu mfuko mmoja mara mbili

Kama kaunta, yaani kifaa kinachohesabu mifuko ya sembe ikipita kwenye mkanda, inahesabu mfuko mmoja mara mbili, haijaharibika, ndugu; tatizo ni ile swichi inayoguswa na mfuko ukipita. Vibati vyake vya ndani hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na kaunta iliyowekwa kwenye kasi kubwa huona kila mdundo kuwa ni mfuko mwingine. Ndiyo maana jioni stoo na kaunta havilingani. Ingia kwenye mipangilio, shusha kasi ya kuhesabu hadi 30 kwa sekunde: mpigo (ishara ya umeme kutoka kwenye swichi) mfupi kuliko takriban milisekunde 17 utapuuzwa. Mkanda wa sembe haupitishi mifuko 30 kwa sekunde, kwa hiyo hupotezi hata mmoja. Nimerekebisha kaunta hivyo kwenye mashine kadhaa za kukoboa na kusaga huku Mbeya, Uyole hadi Igurusi, na nyingi zilitulia siku hiyohiyo.

Ukiondoa swichi hiyo na kufunga sensa ya mwanga, inayohesabu mfuko unapokata mwale wake, hapo hakuna kudunda, ila mfuko wenye mkunjo unaweza kuukata mara mbili, na vumbi la unga huziba lenzi. Ifute kila zamu. Na tafadhali, waya wa sensa usiupitishe bomba moja na waya za mota.