Haikuwa karuho

Nilipokuwa na miaka 17, sare ya shule ilining'inia mwilini kama imeanikwa kwenye kamba. Shangazi alikuja kututembelea kutoka Walungu, akanitazama kichwa hadi miguu, akamwambia mama: "Huyu mtoto wamempa karuho." Watu wa Bukavu wanajua neno hilo lina uzito gani. Ni ile sumu inayosemekana kumla mtu polepole, na ikishatajwa nyumbani, kila mmoja anaanza kutafuta nani ameitia. Kwa miezi mingi familia yetu haikumsalimia jirani mmoja kwa sababu yangu. Mimi nilinyamaza. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilinyamaza kwa kuwa nilijua ukweli. Mchana nilikataa kula. Usiku, wote wakiwa wamelala, nilikomba sufuria ya bugali na maharagwe mpaka tumbo likauma, kisha nikaenda nyuma ya choo kujitapisha.

Walinipeleka kwa mganga wa miti shamba, akaninywesha dawa ya kutapisha ili sumu itoke. Mtu anayejitapisha kila siku, akatapishwa zaidi! Siku ya tatu nilianguka uani. Hospitalini daktari alitueleza kwamba kutapika mara kwa mara kunapunguza potasiamu kwenye damu, na ikipungua sana mapigo ya moyo yanavurugika, hata moyo unaweza kusimama ghafla. Na hilo linaweza kumpata mtu ambaye ukimwangalia hajakonda kabisa. Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayekonda bila sababu inayojulikana, au anayekimbilia chooni kila baada ya chakula, apimwe damu na moyo kwanza. Maombi yanaweza kuendelea huku anapimwa.

Daktari yule ndiye aliyenipa jina la ugonjwa huu wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha: bulimia nervosa. Ni jina changa. Gerald Russell, daktari wa London, aliliandika kwa mara ya kwanza mwaka 1979, mama yangu akiwa tayari amezaliwa. Nililia niliposikia ugonjwa wangu una jina, kwa maana hiyo kuna wengine waliokuwa nao na wakapona.

Ulianzaje? Wengi hudhani ni wasichana wanaotaka kufanana na picha za kwenye simu. Kwangu ulianzia kwenye kufunga na kuomba. Tulifunga siku tatu, nikasifiwa kwamba nina nguvu za kiroho. Nikafunga saba. Baadaye maombi yalikwisha na kufunga kukabaki, na kila nilipokula kidogo nilijiona mchafu. Sisemi kufunga ni kubaya. Ninasema mtu mwenye ugonjwa huu asifunge chakula, na mchungaji aambiwe wazi ili asimhesabu kuwa dhaifu. Wetu aliambiwa na mama, akaniruhusu nifunge simu badala ya chakula.

Mwanasaikolojia aliyenipokea alitumia njia ya Christopher Fairburn, daktari wa magonjwa ya akili wa Oxford, ambayo kwa kawaida huchukua vikao kama 20. Nilitegemea aanze kuniuliza kuhusu utoto wangu. Alianza na saa. Uji wa soya saa moja asubuhi, kitu kidogo saa nne, chakula cha mchana saa saba, parachichi au karanga saa kumi, chakula cha usiku saa moja. Nisikae zaidi ya masaa manne bila kula, nikisikia njaa nisisikie. Ilinishangaza, lakini ndiyo iliyoniokoa. Kile kishindo cha usiku kwenye sufuria kililetwa na njaa ya mchana. Nilipoacha kujinyima mchana, usiku ulianza kutulia wenyewe, pole pole, kama baada ya wiki tano hivi.

Aliniambia pia kisa ambacho ninakirudia kwa kila anayeniuliza. Mwaka 1944 na 1945, Marekani, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alipunguzia chakula wanaume 36 wenye afya waliojitolea, kwa takribani miezi sita. Wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kukasirika ovyo. Vijana wazima wa akili! Nilijiona mle: mimi niliyekuwa nikisonga bugali la nyumba nzima, nikikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa wadogo zangu, nikiwatazama wanavyotafuna bila kuonja. Nilidhani nina wazimu. Kumbe ubongo wenye njaa ndivyo unavyofanya.

Niliandika daftari: nimekula nini, saa ngapi, nikiwa wapi, moyo ulisemaje. Kazi ya kuchosha, na kuna siku nilidanganya. Lakini daftari ndilo lililonionyesha kwamba karibu kila usiku mbaya ulitanguliwa na neno fulani kutoka kwa mtu wa nyumbani, hasa hili: "Watu wamekimbia vita, wanalala njaa kambini, wewe unatapika chakula?" Wazazi, ninawaomba, liacheni neno hilo. Ni kweli, na mgonjwa amekwisha kujiambia mara mia kabla yenu. Aibu inamrudisha chooni.

Mama yangu ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko yeyote. Kuna njia iliyokuzwa kwenye hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, ambayo kwa vijana huwaweka wazazi kuwa wasimamizi wa chakula mpaka mtoto apate nguvu ya kujisimamia. Mama hakuwahi kuisikia, ila ndivyo alivyofanya. Alipakua yeye. Tulikula sahani moja. Baada ya kula hakuniacha kwa saa nzima. Tulichagua maharagwe ya kesho kwenye ungo, tukizungumza habari za soko la Kadutu, chakula hatukukitaja. Aliacha pia kuniuliza "Umekula?", swali jepesi kulidanganya, akauliza "Umekula nini, na nani?"

Jambo moja la kuangalia sana: mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila kula asirundikiwe sahani kubwa kwa furaha. Mwili unaoanza kulishwa ghafla unaweza kukosa fosfati, na hilo nalo huua. Aanze kidogo kidogo chini ya macho ya daktari. Na aliyetapika asipige mswaki papo hapo, kwa kuwa tindikali imelainisha meno. Asukutue kwa maji.

Nilirudi nyuma mara mbili, mara ya pili nikiwa tayari chuoni, wiki za mitihani. Nilirudi kwenye saa na daftari siku hiyohiyo, nikampigia mama.

Wiki iliyopita shangazi yuleyule alinipigia simu. Kuna msichana kwao anakonda, na watu wameanza kutaja karuho. Nilimwambia wamshushe Bukavu apimwe damu, wasimpeleke popote pengine kwanza, na asitajwe jirani yeyote. Akaniuliza mama wa mtoto afanye nini wakati wanangoja gari. Nikamjibu akae naye mkekani, wale pamoja kidogo, na wakimaliza asimwache peke yake.