Je, ni dhambi kuwaacha watoto katika shule ya kawaida?

SWALI

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni hapa Mombasa. Mume wangu anafanya kazi bandarini kwa shifti, nami nauza nguo Kongowea. Kanisa moja la jirani limefungua shule ambayo watoto huingia darasani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne na Alhamisi wanabaki nyumbani na kazi waliyopewa na mwalimu, na mzazi ndiye anayewasimamia. Wenzangu katika ushirika wa akina mama wanasema hiyo ndiyo elimu ya Biblia, na kwamba anayemwacha mtoto shule ya serikali amemkabidhi kwa dunia. Mume wangu hataki. Anasema mwalimu ndiye anayelipwa kufundisha. Mama mkwe naye anasema watoto wakionekana mtaani Jumanne asubuhi watu watadhani wamefukuzwa karo. Mungu ameagiza nini? Nikiwaacha walipo, natenda dhambi?

JIBU

Amina, dada yangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hutendi dhambi. Aliyekwambia unatenda dhambi amekutwika mzigo ambao Bwana hakukutwika, na ukimwona mwambie nimesema.

Andiko wanalolishika wenzako bila shaka ni Kumbukumbu la Torati 6:6-7, nami nalikubali lote: “Na maneno haya ninayokuamuru leo, yatakuwa katika moyo wako, nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo.” Musa alikuwa akisema na Israeli nzima, mchungaji wa kondoo na mkulima pamoja, wala hakumruhusu yeyote amwachie kuhani kazi hii. Lakini angalia nyakati alizozitaja. Kuketi, kutembea, kulala, kuamka. Nyumba yako inazo zote, hata kama watoto wanapanda matatu saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Agizo hili halikuuliza mtoto anajifunza hesabu wapi. Limeuliza kama yale maneno yamo moyoni mwa mzazi kwanza, na kama yanatoka kinywani mwake akiwa na wanawe.

Kwa hiyo mpango wa siku tatu darasani na mbili nyumbani ni halali, lakini si amri. Haukushushwa Sinai. Shule inayotajwa kuwa ya kwanza ya mtindo huu, wenye kufuata ratiba inayofanana na ya chuo kikuu, ilianza Arlington, Texas, mwaka 1993, kwa juhudi za wazazi Wakristo waliotaka muda zaidi na watoto wao. Ni ubunifu mzuri, na mimi binafsi naupenda. Ila usigeuzwe kipimo cha nani ameokoka sawasawa.

Na hilo la kumkabidhi mtoto kwa dunia, wenzako wangetazama walipo. Hapo Kisauni, jirani yako kabisa, ndipo wamisionari wa CMS, chama cha umisionari cha Kanisa la Uingereza, walipoanzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliopokonywa wazazi wao na kupakiwa majahazini. Wale watoto walifundishwa imani wapi, kama si shuleni? Injili imeingia katika familia nyingi za Pwani kupitia mlango wa darasa.

Maandiko yenyewe hayaliogopi darasa. Musa alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe, kisha akafundishwa hekima yote ya Wamisri. Danieli alisomeshwa elimu ya Wakaldayo, akakataa chakula cha mfalme lakini masomo hakuyakataa. Upande wa pili kuna Eli. Kuhani huyu alimlea Samweli hekaluni kule Shilo, mtoto wa watu, akatoka nabii. Hofni na Finehasi, aliowazaa mwenyewe na waliokuwa wakihudumu palepale madhabahuni, wakawa mabaradhuli, na Mungu akamlaumu Eli kwa sababu alijua uovu wao asiwazuie. Ukitaka mahali patakatifu pa kumsomesha mtoto, hakuna palipopita pale Shilo, na bado hapakuwatosha wana ambao baba yao hakuwazuia.

Sasa nikuulize wewe. Jumanne saa tatu asubuhi utakuwa wapi? Kwa jinsi ninavyoijua Kongowea, utakuwa umeshafungua robota na wateja wanachagua. Basi nani atakaa na watoto? Kama jibu ni dada wa kazi, ambaye ana nguo za kufua na chakula cha kupika, na runinga imewashwa, basi watoto wako watakuwa wamepata siku tatu za shule na mbili za kuzurura, na hiyo si elimu ya Biblia wala ya serikali. Shule ya namna hii inamhesabu mzazi kuwa mwalimu wa pili. Asipokuwepo, mpango umevunjika, hata darasani wakiimba zaburi kila asubuhi.

Lakini mumeo yuko kwenye shifti, na hapa sijui kama mmewahi kuliangalia hili pamoja. Wiki ya usiku, yeye ndiye aliye nyumbani mchana. Waefeso 6:4 inawataja akina baba kwa jina lao: “Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana.” Simaanishi umwamshe mtu aliyetoka kazini alfajiri umpe hesabu za gredi ya nne. Alale. Ila saa nane mchana, baada ya chakula, anaweza kukagua daftari na kusoma sura moja ya Injili na wanawe. Anaposema mwalimu ndiye anayelipwa, upande wa hesabu amesema kweli; upande wa maonyo ya Bwana hakuna mshahara, na kazi ni yake.

Mkishindwa, watazameni majirani zetu Waislamu. Watoto wao wako shule zilezile na wetu, kisha jioni au mwisho wa wiki wanakwenda chuoni, yaani madrasa, na sioni mzazi analalamika kwamba ratiba imembana. Sisi tunategemea saa moja ya shule ya Jumapili, tena wakati mwingine tunachelewa kuwafikisha.

Mama mkwe mheshimu, lakini maneno ya watu si hoja. Kama anaijua Biblia, mpe kazi: Timotheo alipata imani kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, na baba yake alikuwa Myunani.

Kabla ya kulipa chochote, nenda ofisini kwa shule hiyo uulize mambo ya kawaida. Je, imesajiliwa na Wizara ya Elimu? Watoto watafanya mitihani ya kitaifa ya gredi ya sita na ya tisa? Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamdai mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Uliza pia mwalimu anafanyaje mtoto akirudi Jumatano bila kazi ya Jumanne. Jibu lao kwa swali hilo litakuonyesha kama ni shule au ni nia njema tu.

Yote hayo mzungumze na mumeo akiwa amepumzika, si usiku anapofunga viatu kwenda bandarini. Akiendelea kukataa, watoto wabaki walipo mwaka huu, na ibada ya nyumbani ianze jioni hii hii kwa muda mtakaoumudu.