Usiwe Bwana Samaki kama mimi

Dada mmoja wa Mwanza kaniandikia juzi: "Kaka, Oktoba naenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho ya biashara. Wenyeji wamesema watatupeleka kula. Niagize nini?" Dada yangu, umenitonesha kidonda.

Safari yangu ya kwanza kwenye maonyesho hayo (yapo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka) tulikaa sita mezani, Wakariakoo wanne na wenyeji wawili, mgahawa wa Waislamu pale mtaa wa Xiaobei. Meza ya duara, katikati kioo kinachozunguka. Mimi nimekulia kwenye sinia la pilau, nani wa kunifundisha kula na wenzangu? Akaja samaki wa mvuke, mzima, tangawizi na majani ya vitunguu juu. Kwa kuwa nilikuwa nimetaja kwamba napenda samaki, nikajua ni wangu. Nikamshusha kwenye kioo, nikamweka mbele yangu, nikamla upande mzima. Watu wananitazama, nami nadhani wanastaajabia ninavyoviweza vijiti.

Wali ukaja karibu na mwisho, kama ilivyo kawaida yao. Nikavichomeka vijiti wima ndani ya bakuli nijifute jasho. Mwenyeji akavichomoa polepole, akavilaza pembeni, hakusema neno. Hotelini ndipo nikaambiwa: vijiti wima kwenye wali hufanana na udi wanaowachomea marehemu wao.

Aibu hiyo ningeimeza. Lililoniuma ni mwenzetu mmoja, mzoefu wa huko, aliyeona yote akanyamaza, kisha akaja kuitangaza Kariakoo. Mpaka leo kuna mtaa nikipita naitwa Bwana Samaki. Nimesamehe. Karibu nimalize kusamehe.

Kwa hiyo usiagize chako. Anayealika ndiye anaagiza, na vyote ni vya wote. Zungusha taratibu, tena angalia kwanza kama kuna mtu anachota. Chukua kidogo, sahani itarudi. Ukiona vijiti au kijiko cha kuchotea, tumia hicho, usitie vya mdomoni mwako. Ukimiminiwa chai, gonga meza kwa vidole viwili. Huko Guangdong, jimbo ulipo mji wa Guangzhou, ndiyo ahsante. Na nasema tena, chukua kidogo! Sisi tuliofundishwa tangu utoto kula upande wetu wa sinia, tukifika ugenini tunakuwa na pupa kwa sababu gani? Bili nayo usitoe kikokotoo mkachange. Aliyealika analipa, zamu yako itafika.

Yangu ilifika Aprili iliyopita. Nilialika watu wanane, nikaagiza mwenyewe: mboga, tofu, kondoo, supu, samaki. Yule mzoefu alikuwepo. Samaki alipotua mezani, nikakizungusha kioo mpaka akasimama mbele yake.

"Karibu," nikamwambia, "chukua kidogo."