Kabla hujakubali kukatwa kope, hakikisha umepimwa

Wiki hii msomaji ameniandikia kuhusu baba yake, mzee aliyevuka miaka 70, ambaye macho yote mawili yamefunikwa na kope mpaka anasoma akiwa ameinua kidevu. Alifanyiwa upasuaji, ngozi iliyozidi ikaondolewa, kidonda kikapona vizuri, lakini kope limebaki pale pale. Msomaji anauliza kama mzee arudi akakatwe tena kidogo.

Hapana. Asiguswe ngozi tena kabla hajapimwa. Kwa maelezo niliyotumiwa, hakuna aliyemwekea rula usoni mzee huyu, na hilo linauma, maana kipimo chenyewe ni cha dakika chache na hakihitaji mashine yoyote.

Kope la juu linaposhuka uzeeni, tatizo huwa katika moja ya sehemu tatu, na mara nyingi zaidi ya moja. Ya kwanza ni ngozi: inalegea, inajikunja na kuning'inia juu ya nywele za kope, hasa upande wa nje. Hapo ukingo wa kope uko mahali pake, ila umefichwa. Ya pili ni kano. Msuli unaonyanyua kope huanzia nyuma kabisa ya tundu la jicho, hupita juu ya jicho, kisha hugeuka kano pana na nyembamba inayoshika bamba gumu lililo ndani ya kope. Miaka inavyokwenda kano hiyo hunyooka, hukonda au hubanduka, kama kamba ya pazia iliyochomoka kwenye ndoano: anayevuta ana nguvu zake zote, lakini kinachovutwa hakimfuati. Kuvaa lenzi ngumu kwa miaka mingi au kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kunaweza kuharakisha hali hii. Ya tatu ni nyusi, ambazo nazo hushuka na kuisukuma ngozi yote ya juu iangukie jicho.

Kila moja ina upasuaji wake. Ukimkata ngozi mtu ambaye kano yake imebanduka, kope halitapanda. Ukimkata ngozi mtu ambaye nyusi zake ndizo zimeshuka, unazivuta chini zaidi na uso unazidi kuonekana umechoka.

Sasa kupima. Mgonjwa akae wima, atazame mbele, paji la uso limetulia. Wazee wengi hunyanyua kope kwa kukaza paji siku nzima bila kujua, na ndiyo maana jioni kichwa kinauma. Daktari anashika tochi ndogo mbele ya macho, na mwanga unatokea kama nukta nyeupe katikati ya mboni. Kutoka nukta hiyo hadi ukingo wa kope la juu, jicho la kawaida lina milimita 4 hadi 5. Zikibaki 2 au pungufu, kope limeshuka kweli. Ikiwa daktari akiinua mkunjo wa ngozi kwa kijiti cha pamba anakuta ukingo uko mahali pake, basi shida ni ngozi.

Kisha anapima nguvu ya msuli. Kidole gumba kinabana nyusi zisisaidie, mgonjwa anatazama chini kabisa, halafu juu kabisa, na rula inaonyesha ukingo wa kope umesafiri kiasi gani. Msuli mzima husafiri kama milimita 15. Ukiona zaidi ya 12 na bado kope limeshuka, mtuhumiwa mkuu ni kano. Ukiona 4 au pungufu, kukaza kano peke yake hakutatosha kwa kawaida. Kope huunganishwa na msuli wa paji kwa uzi wa silikoni au utando unaotolewa kwenye paja. Kano iliyobanduka ina dalili nyingine mbili: mkunjo wa kope unapanda juu kuliko kawaida, na mgonjwa akitazama chini kope linashuka zaidi, ndiyo maana kusoma kunakuwa shida kuliko kutembea. Baba wa msomaji wetu analalamikia kusoma. Hilo pekee lilitosha kumfanya mtu atafute rula.

Macho yapimwe yote mawili hata kama moja tu ndilo linalosumbua. Ubongo hutuma amri sawa kwa misuli ya pande zote mbili. Kope lililoshuka linaulazimisha uongeze nguvu, na nguvu hiyo inaficha unyonge wa kope la pili. Rekebisha moja, la pili linaanguka kesho yake, na familia inadhani daktari ameharibu. Njia ya kulijua mapema ni kuinua kope lililoshuka kwa kidole huku unatazama la pili kama litateremka.

Ipo pia njia ya tone. Fenilefrini ya asilimia 2.5 inawekwa kwenye jicho na kusubiriwa dakika 5 hadi 10. Inaamsha msuli mdogo ulio nyuma ya kano, ambao kazi yake ni kunyanyua kope kwa kama milimita 2. Kope likipanda vizuri, mgonjwa anaweza kufanyiwa upasuaji wa kufupisha msuli huo kwa ndani, bila kovu kwenye ngozi. Njia hii ilielezwa na Putterman na Urist mwaka 1975 na bado inatumika sana. Mwenye presha kubwa au ugonjwa wa moyo amwambie daktari kabla ya tone hilo.

Ukisikia kuna dawa ya matone ya kunyanyua kope, ni kweli: oksimetazolini ya asilimia 0.1 iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Inamwamsha msuli huo huo mdogo kwa saa kadhaa. Kano haiirekebishi.

Na kuna kope zisizopaswa kufika kwa mpasuaji kwanza. Kope lililoshuka ghafla, pamoja na kuona vitu viwili viwili, mboni iliyopanuka au kichwa kuuma sana, linahitaji hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa huenda mshipa wa damu umevimba kwenye ubongo na unabana neva ya jicho. Kope lililoshuka kidogo huku mboni ya upande huo ikiwa ndogo kuliko ya pili nalo lichunguzwe upesi. Kope linalokuwa zuri asubuhi na kuanguka jioni linaweza kuwa ugonjwa wa kinga unaochosha misuli. Huo hutibiwa kwa dawa. Jaribio lake ni rahisi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe juu ya kope lililofumbwa kwa dakika 2. Likipanda milimita 2 au zaidi, upasuaji usubiri.

Ukavu wa jicho nao upimwe. Karatasi nyembamba inaning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5. Ikilowa chini ya milimita 5, jicho ni kavu. Ukilifungua jicho hilo zaidi, utalikausha zaidi, hivyo kope litanyanyuliwa kwa kiasi kidogo au halitanyanyuliwa kabisa.

Dawa zote zitajwe: aspirini, warfarini, klopidogreli, hata vidonge vya kitunguu saumu, ginko na mafuta ya samaki. Zote huweza kuongeza kuvuja damu. Lakini usiache dawa ya kuzuia damu kuganda kwa uamuzi wako. Mwenye vali bandia ya moyo akiiacha bila mpango anaweza kupata kiharusi, na hakuna kope lenye thamani hiyo. Aliyekuandikia dawa ndiye aseme.

Upasuaji wa kano hufanywa mgonjwa akiwa macho, na kuna sababu. Ganzi ni lidokaini yenye adrenalini, kiasi cha mililita 1 hadi 1.5 kwa kope moja. Ikizidi, msuli wa kunyanyua unalala na kipimo kinadanganya. Adrenalini nayo inaweza kuuamsha ule msuli mdogo na kulipandisha kope kwa uongo. Mpasuaji anakata kwenye mkunjo wa asili ili kovu lijifiche, anapita msuli wa kufumba, anafungua utando, na hapo mafuta ya manjano yanajitokeza. Mafuta hayo ndiyo alama ya njia: chini yake ndipo kano ilipo, nyeupe na ya kung'aa. Anaishona tena kwenye bamba kwa uzi mwembamba, sindano ipite nusu ya unene tu, kisha anapindua kope kuhakikisha uzi haujatokeza nyuma ukakwaruza jicho. Fundo la kwanza ni la muda. Mgonjwa anaambiwa afumbue macho, mara nyingi anakalishwa, atazame mbele, juu, chini. Kope likiwa chini au mviringo wake ukiwa na kona, fundo linafunguliwa na kufungwa upya. Wapasuaji wengi huliacha juu kidogo, kama milimita 1, kwa kuwa hushuka ganzi ikiisha na uvimbe ukipungua.

Ngozi ikipunguzwa siku hiyo hiyo, zibaki angalau milimita 20 kati ya ukingo wa chini wa nyusi na nywele za kope. Chini ya hapo jicho huenda lisifumbike usingizini, konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, inakauka na kupata vidonda. Ngozi iliyobaki nyingi hupunguzwa baadaye kwa urahisi. Iliyokatwa kupita kiasi hudai kupandikizwa.

Nyumbani, barafu kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15 kila saa ukiwa macho, kwa saa 48. Lala kichwa kikiwa juu. Usiiname, usibebe mizigo, usifikiche. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Weusi na uvimbe wa wiki mbili ni wa kawaida, na kope moja kuwa juu ya jingine siku za mwanzo pia.

Maumivu makali yanayozidi, jicho linalosukumwa mbele na kuwa gumu, au kuona kunakopungua, hasa ndani ya saa 24 za kwanza, si vya kawaida hata kidogo. Damu imejikusanya nyuma ya jicho na inaminya neva ya kuona. Hutokea kwa nadra, lakini ikitokea jicho linaweza kupofuka ndani ya saa mbili hivi. Usisubiri asubuhi na usipige simu kuomba ushauri, nenda hospitali. Kona ya nje ya jicho hukatwa ili kupunguza mgandamizo.

Kope likibaki chini au likipanda mno, daktari ataamua ama kulifungua mapema, ndani ya siku chache za mwanzo, au kungoja kama miezi 3 tishu zitulie. Kurekebisha mara ya pili si jambo la ajabu, hata kwa mikono hodari. Miwani mipya nayo isubiri miezi hiyo hiyo: kope likiacha kukandamiza konea, umbo lake hubadilika kidogo, na namba ya miwani iliyopimwa kabla ya upasuaji inaweza isifae tena.