Lugha ya kisiwa cha Rossel, ukoo wake upi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mdogo wangu kanionyesha kwenye simu kuna lugha inaitwa Yélî Dnye huko Papua New Guinea, mara wanasema haina ndugu, mara ndugu zake wako kisiwa kingine. Sasa si wameandika ni ya Kipapua? Huo si ndo ukoo wenyewe, kama sisi Wabantu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana bana, Kipapua ni kapu tu. Lugha yoyote ya New Guinea na visiwa vya jirani ikionekana sio ya Austronesia, ule ukoo mkubwa wa lugha za visiwani, inatupiwa humo, hata kama zenyewe hazijuani. Ni kama Kihadza chetu, zamani kiliwekwa fungu moja na lugha za Kalahari kisa vidoko, zile sauti za kugonga ulimi mdomoni, leo wengi wanakihesabu hakina ndugu.

Yélî Dnye inaongewa na watu elfu chache kisiwani Rossel, mwisho kabisa wa visiwa vya Louisiade upande wa mashariki, na majirani zao wanaongea lugha za Austronesia. Mtaalamu wa lugha Stephen Levinson aliyeichunguza miaka mingi kahesabu sauti 90, irabu peke yake 34, sisi tunazo tano na imla bado zinatushinda! Alafu kuna konsonanti unafunga midomo na ncha ya ulimi kwa mpigo mmoja, jaribu uone.

Sasa hao ndugu. Mwaka 2005 mtaalamu mwingine, Malcolm Ross, alilinganisha viwakilishi, yani mimi, wewe, yeye, akaiweka pamoja na Anem na Ata za kisiwa cha New Britain, ng'ambo ya bahari. Kachagua viwakilishi sababu haviazimwi ovyo kama namba, sisi wenyewe sita, saba na tisa tumezitoa kwa Waarabu, mtu akipima kwa hizo si atasema Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Ila viwakilishi ni vifupi mno, kisilabi kimoja, kufanana kwa bahati tu ni rahisi, kwaiyo mi naona ni fununu nzuri ila sio cheti cha kuzaliwa. Cheti ni sauti kupishana kwa mpango kwenye maneno mengi, mtu wetu kwa Wakikuyu ni mũndũ, basi na kitu kikawa kĩndũ, t yetu kwao ni nd. Kati ya Rossel na New Britain mifano ya namna hiyo bado ni haba.