Maswali ya Wasomaji: Kumfundisha Kijana Kuunda Kitanda cha Kamba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala wa Mikindani, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiunda vitanda vya kamba na vigoda kwa zana za mkono, kama nilivyofundishwa na marehemu baba. Sasa nimeletewa vijana watatu na wazee wao ili niwafundishe. Niliwaanzisha moja kwa moja kwenye kitanda, kwa kuwa ndicho kinachoagizwa, lakini kila ulimi wanaoukata, yaani ile ncha ya mbao inayoingia katika tundu la mbao nyingine, unacheza tunduni, na wawili wamekwisha kuniambia kwamba heri waende wakafanye kazi kwa mashine. Nimekosea wapi, na ni mbao gani zinazomfaa anayejifunza?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Fundi, kilichokosewa ni mpangilio: umewapa kitanda kabla hawajajua kunoa. Patasi butu haikati mbao bali huitafuna. Kijana akiona haikati huongeza nguvu, chuma kikauvuka mstari, na tundu likawa pana kuliko ulimi. Wiki za mwanzo ziwe za jiwe la kunolea, wajizoeze kukishika chuma kwa pembe ya digrii 25 hadi 30 bila kuyumba, mpaka patasi iweze kunyoa kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapoishia, na kukiacha laini. Baada ya hapo waunde vigoda, maana kigoda kikiharibika hasara yake ni ndogo.

Tundu litangulie, ulimi ufuate kipimo cha tundu, kwa kuwa ulimi mnene hupunguzwa ilhali tundu lililopanuka halina dawa. Unene wa ulimi uwe takriban thuluthi moja ya unene wa mfumbati, ule mti mrefu wa ubavuni mwa kitanda, na mistari ichorwe kwa ncha ya kisu ikiongozwa na guni, kile kipimo cha pembe mraba. Penseli nene ina upana wa kutosha kuharibu kazi.

Wakifika kwenye kitanda, waeleze kwanza nguvu zinakoelekea. Kamba za usumba zikishawambwa huivuta mifumbati ielekee ndani, na vitakizo, ile miti mifupi ya kichwani na miguuni, ndivyo vinavyoizuia. Kwa hiyo bega la ulimi wa kitakizo, yaani ukingo unaobaki pale ulimi unapoanzia, lisipolala sawasawa juu ya tendegu, yaani mguu wa kitanda, kitanda kitakwenda upande hata kama ulimi wenyewe umebana. Tendegu, kwa upande wake, hupokea ndimi mbili zinazokutana pembeni: tundu moja liwe juu kidogo kuliko jingine, au ncha za ndimi zikatwe kwa digrii 45, la sivyo mguu hubaki ganda tupu. Matobo ya kamba nayo yapishanishwe. Yakitobolewa kwa keekee katika uzi mmoja wa mbao, mfumbati unaweza kupasuka siku ileile ya kuwamba, tena mbele ya mwenye kitanda. Nasema hivyo kwa kuwa yalinikuta.

Kuhusu mbao, usiwape mkongo: ni mgumu, na nyuzi zake zilizopindana humkatisha tamaa asiyezoea randa. Mpingo, ambao huzama majini kwa uzito wake, waachieni wachongaji. Masalia ya mwembe au mfenesi yanatosha kujifunzia, mradi yamekauka kivulini, kwa makadirio ya mafundi mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kazi ya kuuza ifanywe kwa mninga, ambao husinyaa kidogo sana, na ndiyo maana viungo vyake havilegei upesi. Ila nunua kwa muuzaji mwenye vibali vya misitu.

Mashine usiwakataze. Anayejua kwa nini bega la ulimi linyooke atazitumia vizuri kuliko aliyeanza nazo.

SWALI: Nimejifunza useremala kwa mjomba na sina cheti chochote. Je, ujuzi huu unaweza kutambuliwa?
Msomaji, Nachingwea, Lindi

JIBU: Unaweza. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kile anachoweza kukifanya, hujazwa pale palipopungua, kisha hupewa cheti. Uliza katika chuo cha VETA cha Lindi au cha Mtwara kuhusu ada na muda wa kupokea maombi, na uende na kazi yako moja ndogo iliyoungwa kwa ulimi na tundu bila msumari.