Wiki Tatu za Mwisho Si za Kujipima

Mwaka wangu wa pili chuoni niliyatazama mashindano ya riadha ya vyuo vikuu nikiwa jukwaani, barafu imefungwa pajani kwa kitambaa, jezi ya timu nimeivaa kwa ukaidi tu. Siku kumi na moja kabla ya hapo, jioni ya Jumanne, mimi na mwenzangu mmoja tuliamua kumaliza ubishi: nani akimbie wa mwisho kwenye 4x400, mbio za kupokezana kijiti. Kocha hakuwepo. Tukakimbia mita 300 mara nne, kila mara kufa na kupona. Ile ya nne nilikuwa mbele kwa hatua mbili nilipousikia msuli wa nyuma ya paja ukiachia kama kamba ya turubai. Ubishi nilishinda. Mashindano sikuyakimbia.

Nimezaliwa Bukwo, juu kule karibu na Suam, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, ambako Kiswahili tunakiokota sokoni kabla hatujakikuta darasani. Siku hizi naisaidia timu ya chuo kimoja huku chini, upande wa Kampala. Tuna Wasebei wa huko kwetu, tuna watu wa Arua na Busia, tuna Wakenya kadhaa, kwa hiyo uwanjani Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Kocha wetu mkuu ni mwanajeshi mstaafu. Hakuna anayemwita kocha. Ni afande, mchana na usiku. Kila msimu, zikibaki wiki tatu, wanafunzi wananijia na swali lile lile: tuongeze nini? Nami kila mara nawauliza wako tayari kupunguza nini, na kila mara wananitazama kama mtu aliyenunuliwa na timu pinzani.

Mazoezi magumu hayalipi siku ile ile. Mwili unahitaji kama wiki mbili hivi kujijenga kutokana na kazi nzito uliyoupa. Ukikimbia kwa nguvu zako zote siku ya nane kabla ya mchujo, faida yake itakufikia ukiwa umesharudi bwenini kufua soksi. Uchovu wake utaupata kwa wakati. Afande anasema mzigo ukishafika mlangoni hauongezwi, unashushwa.

Kushusha si kulala, na hapa ndipo wengi wanapopotea upande wa pili. Mtu anasikia "pumzika", anakaa siku tano akila na kutazama mpira, kisha siku ya mashindano miguu inakuwa kama imejaa mchanga. Kinachopunguzwa ni wingi. Kasi inabaki. Mkimbiaji wangu wa mita 400, zikibaki wiki tatu, anaweza kukimbia 300 mara tano. Wiki inayofuata mara tatu. Wiki yenyewe, kama mchujo ni Ijumaa, Jumanne anakimbia 150 mara mbili, kwa kasi safi, akipumzika kati yake mpaka achoke kupumzika, halafu namwondoa uwanjani akiwa bado ana hamu. Akininunia najua nimepatia. Wa mbio ndefu naye hakatazwi kutoka asubuhi. Atoke, ila kama alizoea dakika sitini, thelathini na tano zinamtosha.

Na hao wa mbio ndefu nina neno lao. Kila kijana wa Kapchorwa au Bukwo anayefika chuoni anajiona ni Joshua Cheptegei, yule bingwa wetu wa mbio ndefu, aliyecheleweshwa na ada ya shule. Sawa, kuota ni bure. Lakini mtazame Cheptegei mwenyewe alivyokimbia. Alipovunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco mwezi wa Agosti 2020, kwa 12:35.36, ilikuwa wastani wa sekunde sitini na nusu kila mzunguko, na kilomita zake zilikaribiana sana. Vijana wetu hufungua mzunguko wa kwanza kwa sekunde 62 kwa sababu jukwaa limejaa wasichana wa kitivo cha biashara, kisha wa nane wanaumaliza kwa 80. Wiki ya mwisho wafundishe kitu kimoja tu: mzunguko wa kwanza wauone ni wa polepole mpaka uwakere. Saa ikisema ndivyo ulivyopangwa, basi.

Sasa kijiti. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo medali zinapookotwa bila mtu kuongeza kasi hata kidogo.

Mwaka ule nilipoumia, nafasi yangu alipewa mruka chini mmoja, kijana mwenye mbio kweli kweli, ambaye hakuwahi kupokea kijiti hata siku moja. Alipangwa wa pili. Mkimbiaji wa kwanza alimfikia amechoka, miguu inayumba. Yeye akaondoka kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na nyuki, akageuka amechelewa, kijiti kikagonga kidole gumba na kuanguka. Hadi kinaokotwa, wenzao walikuwa wanaingia kona ya pili. Yule niliyebishana naye Jumanne ile alimaliza wa mwisho, akiwa peke yake, jukwaa likimpigia makofi ya huruma. Hatukusemeshana mpaka Krismasi.

Kwa hiyo, timu ya kupokezana itajwe mapema, na itajwe ya watu watano au sita, si wanne. Huyo wa tano afanye mazoezi ya kijiti kila mara wanne wanapofanya, apokee kutoka kwa kila mmoja na ampe kila mmoja. Atalalamika kwamba anachoka bure. Mwache alalamike.

4x400 na 4x100 msizifundishe kama kitu kimoja. Kwenye 4x400 anayekuja amekwisha, hana mkono wala akili. Kazi yote ni ya anayepokea. Amtazame, apime uchovu wake, aondoke polepole kama anayekuja anatambaa, akichukue kijiti mwenyewe kama anavyomnyang'anya mtoto kisu. Kwenye 4x100 anayepokea hatazami nyuma kabisa. Anaweka alama chini kwa utepe, mwenzake akiikanyaga yeye anafumuka, na mkono unatoka akiitwa. Eneo la kupokezana sasa ni mita 30 tangu kanuni zilipobadilika. Bado nakutana na walimu wa michezo wanaofundisha zile 20 za zamani pamoja na mita 10 za kujiandalia nje yake, na wanafunzi wao wanapokea wakiwa hawajashika kasi.

Halafu neno la kuita. Timu nyingi zinaita "shika!" Msimu mmoja, eneo moja, timu tatu zikafika kwa pamoja, wote "shika! shika!" Msichana wetu akatoa mkono kwa sauti ya njia ya jirani, akakaa na kiganja hewani hatua sita nzima huku kijiti chake kingali nyuma. Tangu siku hiyo tunaita "muhogo". Wanacheka mazoezini, na waamuzi wamewahi kunitazama vibaya. Ila katika mashindano yote niliyoyaona, hakuna timu nyingine iliyowahi kumwita mtu muhogo katikati ya mbio.

Jambo la ardhi. Sisi tunafanya mazoezi kwenye nyasi, na majira ya mvua nyasi zinageuka tope lenye majani machache. Mashindano makubwa yakiwa kwenye uwanja wa Namboole au popote penye tartani, ile njia ya mpira, mwili unakutana na kitu kigeni: ardhi inakurudishia nguvu, hatua zinarefuka, na ndama za miguu zinalia siku ya pili. Alama ya 4x100 uliyoipima nyayo 22 kwenye nyasi itakudanganya. Yetu ilikwenda mpaka 26. Mruka chini aliyekuwa akikanyaga ubao sawasawa nyumbani atapita kwa futi nzima, na majaribio ni matatu tu kama hujaingia nane bora. Tafuteni walau siku mbili za tartani kabla, hata kwa kuomba, hata kwa kuamka saa kumi alfajiri. Mkikosa kabisa, fikeni mapema mpime upya kila kitu. Msiamini kamba ya nyumbani.

Na misumari ya viatu! Kwenye nyasi tunafunga mirefu. Kwenye tartani mwisho ni milimita 9, isipokuwa kuruka juu na mkuki wanaoruhusiwa 12. Nimemwona mtoto wa watu akifungua misumari kwa koleo la fundi umeme, mikono inatetemeka, wenzake wakiitwa majina. Huyo alikuwa amekwisha shindwa kabla hajasimama mstarini. Mwanzo mbovu, kuondoka kabla ya mlio, nao ni mmoja tu, unatoka. Afande hana bastola, anatumia mbao mbili anazozigonganisha akiwa nyuma yako, na muda anaoshikilia kabla ya kugonga anaubadilisha makusudi. Inaudhi sana, na inasaidia sana.

Chakula sina maneno mengi. Usiku wa kabla ya mbio kula kile ulichokizoea: matoke, wali, posho (ugali wetu), nyama kidogo. Maharage mengi usiku ule ni kumkosea heshima mtu mtakayelala naye chumba kimoja. Asubuhi, kama mchujo ni saa tatu, uwe umeamka saa kumi na mbili na kula saa hiyo hiyo: mkate, ndizi mbivu, chai. Rolex ya barabarani, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, yenye mafuta yanayochuruzika, naipenda kuliko ninavyopaswa kukiri, lakini hiyo ni ya baada ya fainali. Mafua yakikushika, usimeze chochote cha dukani kabla hujamuuliza mtu anayejua. Baadhi ya dawa za mafua zina kemikali iliyo kwenye orodha ya vilivyokatazwa siku ya mashindano. Homa ikikuanza, nenda kapimwe malaria siku hiyo hiyo. Usisubiri uone.

Usafiri ndio unaonitoa povu. Chuo kimoja nilichokitumikia kilitoa fedha jioni ya kuamkia mashindano. Basi liliondoka saa nne usiku, tukafika saa tisa, chumba tulichopewa kilikuwa darasa lenye madawati, na mchujo wa wasichana wa 400 ulikuwa saa tatu asubuhi. Walilala juu ya mabegi. Nahodha wa timu asingoje mpaka aitwe. Mwezi mzima kabla awe ameshajulikana ofisini kwa jina na kwa usumbufu. Na kila mwanariadha abebe vyake kana kwamba hataandaliwa chochote: chandarua, shuka, maji, mkate, karatasi ya chooni, pini za kubandikia namba. Dada zangu, pedi zibebeni hata kama kalenda inasema bado. Wasiwasi wa mashindano hausomi kalenda.

Njia mbaya. Kila mwaka ratiba ikibandikwa kuna anayelia kwamba amepewa njia ya kwanza, kona zinabana, ameonewa. Mimi huwauliza kama wanamjua John Akii-Bua. Wengi wanalijua jina, hawajui kisa. Munich, mwaka 1972, fainali ya mita 400 kuruka viunzi, mtu wa Uganda yuko njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, na bingwa mtetezi David Hemery yumo humo humo. Akii-Bua alimaliza kwa 47.82, rekodi ya dunia, mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48, dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki. Nikimaliza kusimulia, wengine wanaendelea kulia vile vile. Lakini wanalia kwa sauti ndogo.

Kuna jambo ambalo wiki tatu haziwezi kulitengeneza, nalitaja kwa ajili ya msimu ujao: pointi. Kombe la jumla linahesabu tufe na mkuki sawa na mita 5,000. Sisi tunapeleka vijana tisa wanaotaka 5,000 na hakuna hata mmoja wa kisahani. Yule dada wa jikoni mwenye mabega, yule kaka wa raga aliyeachwa kwenye timu, watafuteni mwezi wa kwanza wa muhula, muwape tufe. Kwa wanawake ni kilo nne tu, si mlima.

Usiku wa mwisho sifanyi hotuba. Napita chumba kwa chumba na mfuko wa plastiki. Nakagua misumari, nahesabu pini nne kwa kila jezi, nahakikisha kijiti kiko kwenye begi langu na si la mtu mwingine. Saa nne kamili nakusanya simu zote. Msimu uliopita mmoja alinipa simu mbovu, ile nzima akaificha ndani ya kiatu. Niliijua kwa sababu kiatu kililia saa sita usiku, na aliyekuwa akimpigia alikuwa mama yake, kutoka Bukwo, anauliza kama mtoto amelala.